Zimwi la Miguu ya Chuma Lililonikosesha Nafula wa Lugulu

Wakuu, kwa zaidi ya miaka arobaini mimi niliamini kwamba Lugulu kulikuwa na zimwi lenye miguu ya chuma.

Si kuamini kidogo. Niliamini vile nyinyi mnaamini kesho kutakucha.

Ati lilikuwa refu kuliko mkaratusi. Kila unyayo wake kama ungo wa kupepetea wimbi. Likikanyaga jiwe, moto unaruka. Na halikuwa na haja na ng'ombe wala kuku, lilikuwa linatafuta msichana ambaye hajaolewa.

Hamjambo lakini? Wa Bungoma, wa Kitale, na nyinyi mnaosoma kimyakimya bila kusalimia wazee, nyote nawaona. Mimi ni mzee, simu hii nimejifunza mwenyewe kwa kidole kimoja, na shule niliyosoma ni ile ya usiku. Haya ninayoandika yalitokea. Mahali nitatia chumvi mtaionja tu, si mna ulimi.

Turudi nyuma, miaka ya hamsini, kabla ya uhuru.

Nilikuwa kijana wa kazi kwenye kiwanda cha kupasua mbao, upande wa Kitale unaoelekea mlimani Elgon. Kazi yangu ilikuwa kuviringisha magogo mpaka kwa msumeno. Magogo mabichi, maganda yamelowa, chini matope. Ukisimama hapo unateleza. Ukikaa unateleza. Kuna jamaa aliteleza akiwa amelala, hiyo nawaapia.

Jumamosi kazi ilikwisha saa sita mchana, na lori la mbao lilishuka kwenda Bungoma. Dereva aliitwa Juma, mtu wa Bungoma, mdomo wake ulikuwa redio kabla watu wetu hawajanunua redio.

Siku moja nikaenda naye kupeleka mbao Lugulu, kwa misheni, walikuwa wanajenga. Mvua ilikuwa imenyesha. Kutoka barabarani unashuka na njia ya udongo mwekundu, unapita kisimani, halafu unapanda.

Mimi nina ubao begani. Buti zangu nilizinunua kwa mtu aliyerudi kutoka keya, lile jeshi la vita vya Burma, na soli ilikuwa imeisha, laini kama sabuni.

Wakuu, niliruka. Ubao ukaenda kwake, mimi nikaenda kwangu. Nilitua mbele ya wasichana watano waliokuja kuteka maji, uso ndani ya matope.

Wanne wakacheka wakakimbia. Mmoja alicheka akabaki.

"Wewe wa mbao," akaniambia, "hiyo miguu ni yako ama uliazima?"

Mdomo ulikuwa umejaa Lugulu.

Akaweka debe chini, akashika ubao upande mmoja, mimi mwingine, tukaupandisha pamoja. Akaniuliza jina.

"Wekesa."

"Basi Wekesa, ukirudi hapa urudi na miguu ya kushika. Umetuharibia njia ya kisima."

Halafu akaenda na debe lake kichwani, hata tone moja halikumwagika.

Nimezeeka, nimeona mengi, nimepanda ndege mara moja. Sijaona tena kitu kimetembea hivyo.

Kwenye lori Juma akanipa habari yote. "Huyo ni Nafula, binti ya mwalimu wa kanisa. Achana na yeye, bana. Huyo mzee hapokei mkwe anayetia sahihi na kidole gumba."

Na mimi sahihi yangu ilikuwa kidole gumba, tena kikubwa.

Jumatatu nilifanya mambo mawili. La kwanza, nikaandikisha jina kwa shule ya usiku pale Kitale. Yaani wenzangu waliandika jina langu, mimi nikaangalia.

La pili, nikapeleka buti kwa Mzee Barasa.

Mzee Barasa ndiye alikuwa fundi wa viatu hapo kiwandani. Alifundishwa huko keya. Aliipindua buti yangu, akaitazama soli vile daktari anatazama ulimi, akasikitika.

"Hii ni chapati," akasema. "Nikuwekee njumu."

Mnaojua njumu za mpira wa miguu, hizi zilikuwa baba zao. Misumari mifupi yenye vichwa vinene, inapigwa kwa soli kwa mistari, vichwa vinabaki nje kushika udongo. Kisigino aliwekea chuma chenye umbo la kwato ya farasi, alikikata kwa gurudumu kuukuu la mkokoteni wa ng'ombe. Mwisho akapaka ngozi mafuta ya ng'ombe ili isipasuke.

Buti ya kulia ilikamilika. Ya kushoto, msumari mmoja wa mwisho, pale mbele karibu na kidole gumba, haukupatikana. Misumari iliisha.

"Pengo moja halitakuangusha," akaniambia.

Na kweli, halikuniangusha. Nilitembea juu ya magogo kama nzi ukutani. Uzito ndio ulikuwa shida, mguu mmoja ulikuwa kama mtoto wa shule. Juu ya jiwe zinalia kwa-kwa-kwa na cheche zinaruka. Nyapara alisema nikipita karibu na vumbi la mbao nivue.

Sasa nilikuwa na miguu ya kushika. Si ndiyo aliyoniagiza?

Mwisho wa mwezi Juma alinishusha Misikhu, kwa senge, dada ya baba yangu, ndipo nilikuwa nalala. Kabla jua halijazama nikashuka Lugulu. Kulikuwa na mti wa siala pale juu ya kisima, nyuma ya boma la mwalimu. Nikasimama nyuma yake.

Nafula akaja na debe. Akateka. Akainama, akatazama chini kidogo, akasimama hapo muda mrefu kuliko maji yanavyohitaji. Halafu akaenda.

Sikutoka. Nilijiambia, cheti kwanza. Nitasema nini kwa binti ya mwalimu wakati bado nabishana na herufi? Nikipata cheti nitatuma mshenga, nitaingia kwa mlango wa mbele kama mtu.

Jumapili asubuhi nikarudi tena kabla ya kanisa. Nikasimama, nikaangalia, nikaondoka. Jioni Juma akanichukua.

Ndivyo nilivyoishi. Wiki tatu magogo na herufi, ya nne nasimama nyuma ya siala. Mkiniuliza nilikula nini miezi hiyo sikumbuki. Nakumbuka leso yake ya manjano.

Sasa sikieni.

Jumatatu moja, msimu wa mvua, Juma akaja kazini macho yamemtoka.

"Bana, Lugulu kumeharibika. Kuna kitu kinatembea kwa boma la mwalimu wa kanisa."

"Kitu gani?"

"Linani. Yule zimwi wa hadithi za kukhu, za nyanya zetu. Miguu ya chuma! Kukhu yake Nafula ameona nyayo, za ng'ombe si za ng'ombe, za mtu si za mtu. Jirani ameona moto kwa mawe jioni. Na kinanuka kama maksai."

"Wewe umeliona?"

"Mimi? Nimeona mtu aliyeambiwa na mtu aliyeliona."

Kwangu huo ulikuwa ushahidi wa kutosha kunyonga mtu.

Msinicheke. Sisi tumekua tukiambiwa nyayo si kitu cha kuchezea. Mtu mbaya akichota udongo wa unyayo wako, amekuchota wewe. Kukhu zetu walifagia uwanja kila asubuhi wakisoma nyayo kama nyinyi mnavyosoma simu, nani aliingia, nani alitoka. Kwa hiyo unyayo usiojulikana nyuma ya nyumba yenye binti haukuwa mzaha.

Nilifanya nini? Badala ya kwenda kila mwezi, nikaanza kwenda kila Jumamosi. Kumlinda.

Kila Jumamosi, wakuu, na buti zile. Tena kwanza nilimwendea Mzee Barasa akaze misumari ili nikikabiliana na zimwi nisiteleze.

Na kila Jumatatu Juma analeta habari mpya. Zimwi limezidi. Zamani lilikuwa linakuja mara moja kwa mwezi, siku hizi ni kila wiki. Nami nikisikia hivyo moyo unaniuma, nasema lazima niende tena.

Jumapili moja asubuhi nikaziona kwa macho yangu. Usiku mvua ilikuwa imenyesha kubwa. Pale chini ya siala, mahali nilisimama jana yake jioni, kulikuwa na nyayo. Maji yalikuwa yamezipanua, kila moja kama karai, na mashimo mashimo ndani.

Nilisema, jana zimwi lilisimama hapa hapa nyuma yangu, likimwangalia Nafula kama mimi.

Sikuhesabu mashimo. Nani huhesabu kucha za zimwi?

Nikakimbia mpaka kwa senge, nikachukua kaa la moto kwa kigae, nikarudi. Hiyo nilifundishwa na kukhu yangu, ukitaka adui asirudi unazika moto ndani ya unyayo wake na unasema. Nikaliweka kaa kwa unyayo wa mbele kabisa. Likalia tssss. Nikasema kwa sauti:

"Mwenye nyayo hizi, njia ya nyumba hii imsahau. Asifike mlangoni kwa Nafula milele."

Nikaondoka kifua mbele. Nilijiona mwanaume.

Wiki iliyofuata Juma akasema mwalimu amemwondoa Nafula. Wamempeleka Bumula kwa shangazi yake mpaka zimwi liishe.

Na zimwi likaisha kweli! Halikuonekana tena. Sababu mimi sikuwa na haja ya kwenda Lugulu, ningelinda nini? Lakini hilo sikuliona. Niliona tu kwamba kaa langu limefanya kazi.

Bumula sikuenda. Huko sikuwa na senge wala mti. Nikasema cheti kwanza.

Nikasoma, wakuu. Nilisoma kama mtu anayechimba kisima na kijiko. Nilipopata kile cheti nilikisoma kwa sauti kuanzia juu mpaka jina la mchapishaji. Nikanunua raba nyeupe, maana njumu si viatu vya kuingia kwa wakwe. Ilikuwa kiangazi, vumbi. Nikamchukua mume wa senge awe mshenga, tukaingia Lugulu kwa mlango wa mbele.

Mwalimu alitukaribisha vizuri, chai yenye maziwa. Akavaa miwani, akasoma cheti changu chote.

"Umesoma vizuri, kijana," akasema. "Ungekuja mapema. Nafula ameposwa huko Bumula, fundi wa cherehani. Tulimwondoa hapa kwa sababu ya lile zimwi."

Nikamwambia, "Nililisikia, mwalimu."

Tukamaliza chai.

Sitaandika sana kuhusu mwaka huo. Niseme tu kuna sauti ya debe kuwekwa chini ambayo mpaka leo nikiisikia nageuka.

Nilioa baadaye, mama mwema, Mungu amlaze pema, alijua hadithi hii na aliicheka. Buti zile niliziweka chini ya kitanda mpaka misumari ikaota kutu. Na hadithi ya zimwi niliibeba kila harusi, kila mazishi. Mwaka hadi mwaka lilikuwa linakua, mwisho lilikuwa na pembe.

Sasa miaka imepita, nyote mnaosoma mlikuwa hata hamjazaliwa ama mnanyonya, nikaenda mazishi Bumula. Tumekaa chini ya turubai, chai inapita, nikaanza. Zimwi, moto, pembe, kaa. Watu wakacheka mpaka mchungaji akageuka kutuangalia.

Kando yangu kulikuwa na mama mzee, leso begani. Alicheka akafuta machozi, halafu machozi hayakukoma.

"Bado unateleza, Wekesa?" akaniuliza.

Nilijua sauti kabla ya kujua uso.

Tulienda kukaa kando, kwa magogo ya kuni. Wajukuu wake walikuwa wanacheza hapo. Tukaongea mpaka jeneza likatolewa. Sikumwona tena baada ya siku hiyo, na mwezi uliopita nimeletewa habari kwamba ametangulia. Ndiyo sababu nimeandika leo. Kifuani pamejaa.

Funzo langu ni dogo. Vijana, cheti ni kizuri, viatu vizuri ni vizuri, lakini hakuna kimoja kitakusemea. Kama kuna mtu unamzungukia, toka nyuma ya mti leo. Na nyinyi wengine mliowahi kukimbia zimwi ambalo mlilitengeneza wenyewe, andikeni hapo chini, msiniache nionekane mjinga peke yangu.

Maneno aliyoniambia kwenye yale magogo nayaweka hapa mwisho vile aliyasema, kwa sababu baada yake sina la kuongeza.

"Wekesa, hakukuwa na zimwi. Zilikuwa buti zako, ile miguu ya kushika niliyokuagiza. Ya kushoto ilikosa msumari mmoja hapa mbele. Kila nikienda kisimani nilikuwa natafuta hilo pengo, nikiliona najua umekuja, nasimama kidogo, nangoja utoke."

Nikamuuliza, "Sasa mbona hukuwaambia?"

"Niwaambie nini? Baba angeniuliza huyo kijana amesema anataka nini. Na wewe hukuwa umesema kitu."