Sifuri ya Mbele

Siku yangu ya kwanza kazini, Meneja alinikabidhi rundo la karatasi za programu, zito kama tofali, akasema, "Soma hizi mpaka ujue kila mstari. Ukichoka, endelea." Ofisi ilikuwa chumba kimoja juu ya bucha, karibu na Soko la Burma, na nguo zangu zilinuka nyama choma mwaka mzima. Nilikuwa msichana wa Kaloleni mwenye cheti kipya na kiburi cha kutosha watu watatu.

Nyinyi vijana mnaandika neno moja tu na kompyuta inawamalizia. Sisi, namba yenye desimali haikuchapika hivi hivi. Kompyuta huihifadhi kwa alama zake yenyewe, na ili binadamu aisome lazima igeuzwe kuwa maandishi, herufi moja moja: tarakimu, nukta, tarakimu. Programu hiyo ya kugeuza niliiandika mwenyewe, na niliringa nayo sana.

Katikati ya miaka ya tisini nilipelekwa zahanati moja ya watoto, huko huko Eastlands, mitaa ya mashariki mwa jiji, nitengeneze lebo za chupa za dawa. Lebo zilikuwa fupi, na kipimo kikazidi kwa herufi moja. Meneja akatazama 0.5 akacheka.

"Hiyo sifuri ya mbele inakula nafasi bure. Itoe, Nekesa. Nani hajui nukta tano ni nusu?"

Nikaitoa. Niliona ni ujanja, kwa hiyo siwezi kumtupia yeye lawama zote.

Tena ribeni ya printa, ule utepe wa wino, ilipochakaa hatukuibadilisha. Tuliifungua na kuipaka wino wa mihuri, na kila ofisi niliyoijua ilifanya hivyo. Tarakimu zilitoka vizuri. Nukta ilififia.

Mama Kioko, mke wa mchonga vinyago, alikuja mezani kwangu siku chache baada ya kumzika mwanawe wa miezi miwili. Alifungua leso, akatoa chupa.

"Madam, wananiambia nilimpa dawa kupita kiasi. Na mimi nilisoma. Hebu nisomee na wewe."

Nikasoma, "Mililita tano."

Kisha nikaigeuza chupa kwenye mwanga wa dirisha, nikaiona nukta.

Meneja alinivuta pembeni. "Sema ni ribeni. Ribeni haishtakiwi."

Nilirudi nikamwambia mama ukweli: ilipaswa kuwa nusu mililita, na mimi ndiye niliyefuta sifuri. Hakulia wala kunitukana. Aliifunga chupa kwenye leso akaondoka.

Sifuri niliirudisha kwa mstari mmoja tu, kabla chai yangu haijapoa. Aibu hiyo sijawahi kuizoea.

Sasa nimestaafu. Kila mwaka mimi huenda kwa Mama Kioko kule Umoja na kumwambia tena kwamba kosa lilikuwa langu. Hunisikiliza hadi mwisho, kisha hujibu, "Najua, Nekesa. Lakini sirinji ya kumnyweshea dawa niliishika mimi, na mwanangu alikuwa ananichekea."