Kura ya Bwana Thirkettle

Bwana Ambrose Thirkettle alirithi vitu viwili kwa babake: mashamba ya Harcombe na kiti cha Bunge. Wanawe wawili walifia vitani, mkewe akawafuata kwa kihoro. Akabaki na binti yake Honoria, mashamba yale na kile kiti, basi.

Mwaka ule akapata mpinzani, Josiah Clegg, mwenye kiwanda cha pamba. Enzi hizo kura ilipigwa kwa mdomo, jukwaani, watu wote wakisikia. Zamu yake ilipofika, Bwana Thirkettle akavua kofia, akamtaja Clegg. Ndivyo walivyofanya waungwana: mgombea humpigia mwenzake. Clegg akapanda, mkavu wa macho, akajitaja mwenyewe.

Jioni yakatangazwa matokeo. Clegg ameshinda kwa kura moja.

“Baba, umejichinja mwenyewe!” Honoria akalia. “Si ungejitaja tu!”

“Babu yako alifanya hivihivi maisha yake yote, mwanangu.”

“Babu alishindana na waungwana!”

Mzee akajifunika uso kwa kofia.

“Hata nikirudishwa pale sasa hivi,” akasema, “nitamtaja yuleyule. Sijui kufanya vingine, Honoria. Sijui.”