Udongo wa Kibumba na Mkono wa Papa

Harufu ya seleri iliyokanyagwa kwa buti hainitoki puani mpaka leo, na kila inaponijia naanza na hasira, machozi yanafuata. Wengine wakiinusa wanawaza supu. Mimi naiona damu ya papa, baba yangu, juu ya udongo mweusi, katika ua wetu wa Goma, msimu ule bunduki zilipokuwa zikilia upande wa Kanyaruchinya tangu alfajiri, na watu wa Kibumba wakishuka barabarani na magodoro vichwani.

Asiyeijua Goma hatanielewa mpaka nimweleze habari ya udongo. Ua wetu ulikuwa mawe matupu ya volkano. Jembe likigusa chini linatoa cheche. Mama, Munande kwa kabila, mzaliwa wa Butembo, mkaidi kupindukia kwa mambo ya shamba, aliagiza udongo kutoka Kibumba, gunia kwa gunia, juu ya malori ya kabichi, akaumwaga kati ya mawe na kufanya tuta moja refu. Hapo alilima seleri ya kuwauzia wapishi wa mtaa wa soko wa Birere. Eh, mboga ile ina maringo! Mbegu zake ni kama vumbi. Mama alizinyunyiza kwenye beseni lenye udongo bila kuzifukia, akazifunika kwa kitambaa kibichi, tukangoja karibu wiki tatu ndipo tukaona vinyuzi vya kijani. Miche ilipohamia kwenye tuta, mimi, binti wa miaka tisa, niliimwagilia kwa bidoni, dumu letu la maji, asubuhi na jioni, maana ikipata kiu inakuwa ngumu, nyuzinyuzi tupu. Wiki za mwisho mama aliyafunga mashina kwa karatasi za mifuko ya saruji, akakaza kamba, kisha akayapandishia udongo mpaka shingoni ili yawe meupe na laini. Juu yake akatandaza majani ya migomba, jua lisichome wala wezi wasione. "Mutu akikuuliza iko nini pale, sema hakuna kitu," aliniambia.

Wakaja mchana, watu wanne wenye bunduki, wakitafuta silaha nyumba kwa nyumba. Sisemi walikuwa wa upande gani. Msimu ule kila upande ulikuwa na buti. Mama alikuwa Birere. Papa, karani mpole wa asili ya Bukavu, ambaye mwandiko wake ulisifiwa na ofisi nzima, alisimama mlangoni mikono juu. Mkubwa wao, chef kama wenzake walivyomwita, akaliona tuta. Katika mji wa mawe, udongo uliorundikwa kwa urefu wa mtu humfanya askari awaze maiti au bunduki. Akaniinamia. "Mutoto, iko nini pale?"

"Hakuna kitu," nilijibu haraka, kama nilivyofundishwa.

Papa akafumba macho. "Ni mboga, chef. Ni seleri."

"Mutoto wako anasema hakuna kitu."

Wakafukua kwa mitutu, wakakuta kitu kirefu kimefungwa karatasi na kamba, na hawakungoja kukifungua. Kitako cha bunduki kilimpata papa mdomoni. Nilisikia meno yakivunjika. Walipochana karatasi na kukuta mboga, hasira ilizidi, maana sasa walikuwa wameaibika mbele ya mtoto. Mkubwa akanivuta sikio mpaka nikasimama kwa vidole. "Na huyu, nani alimufundisha uongo?"

"Mimi," papa akasema, damu ikimchuruzika kidevuni. "Ni mimi nilimufundisha. Umuache."

Wakaulaza mkono wake wa kulia juu ya jiwe na kuuponda kwa kitako mara tatu. Kisha wakalikanyaga tuta lote, wakaenda kwa jirani, na kelele zikaanza kule.

Mama alipofika nilikuwa nimekwisha kula kiapo. Papa, akiwa amelala sakafuni, aliniambia mama asijue kamwe kwamba niliulizwa neno. Mama hakulia. Alimfunga papa mkono kwa kitenge, halafu akatoka akazoa udongo wake kwa viganja, ule wenye damu pia, kwa kuwa barabara ya Kibumba ilikuwa imefungwa. Papa hakushika kalamu tena. Mama alifariki bila kujua, na mimi bado najilaumu, hata kama watu wananiambia nilikuwa mtoto tu.

Leo nalima seleri katika ua uleule, juu ya udongo uleule. Sifungi karatasi, sifukii, sifuniki. Inakuwa ya kijani na chungu, na papa, mzee sasa, anaila kwa mkono wa kushoto akinung'unika kwamba ya mama ilikuwa tamu zaidi. Vita havijaisha, vimebadilisha sare tu. Wiki iliyopita mwenye bunduki mmoja alisimama langoni, akamwuliza binti yangu, "Mutoto, iko nini pale?" Binti akang'oa shina zima na mizizi yake, akampa yule mtu, akimwita papa kwa heshima. "Ni seleri, papa. Onja."

Yule mtu akatafuna, akakunja uso, akaenda zake. Nilipogeuka, papa alikuwa amesimama nyuma yangu, mkono wake wa kulia ameuficha kwapani.