Kumwagilia Chuma

Mama mkwe alipokuja kututembelea kutoka Wajir, friji yetu ilimpiga stima kabla hajamaliza glasi ya kwanza ya chai. Alikuwa pekupeku, na sakafu ya jikoni ilikuwa ndiyo kwanza imepigwa deki. Alishika mpini, akaruka nyuma, akaitazama friji kama mtu aliyetukanwa na mtoto wa wenyewe.

"Mwalimu," aliniambia, nami nikatazama chini kama inavyompasa mkwe, "hii sanduku itoke. Isipotoka, narudi na binti yangu. Ana mimba. Hawezi kupika na mnyama anayeuma."

Miaka hiyo ya tisini, pale Garissa, friji ilikuwa maji baridi. Nilimpenda mke wangu, nikayapenda maji baridi, na sikutaka kabisa kuulizwa nachagua kipi.

Nikaleta fundi. Alifunga swichi ya usalama kwenye laini ya soketi za jikoni, ile inayojikata yenyewe stima ikivuja. Kisha akapigilia ufito wa shaba ardhini, nje ya ukuta wa jikoni, akauunga kwa waya na soketi, ili stima inayovuja iende ardhini badala ya kupitia kwa mama mkwe. Nilimweleza mama mkwe haya yote kwa kirefu, kama anayefundisha chuo kikuu kizima.

"Na imeacha kuuma?" akauliza.

Nikaigusa. Vidole vikasisimka.

"Mchanga ni mkavu mno, stima haipiti," fundi akasema. "Mwagilieni ufito maji ya chumvi." Akapanda gari la Dadaab, kwenye kazi za maana.

Basi nikawa mtu anayenunua maji ya mkokoteni wa punda na kumwagilia chuma. Jirani akachungulia.

"Mwalimu, umepanda nini?"

"Shaba."

"Mashallah! Inazaa msimu gani?"

Mbuzi wake wakanusa chumvi, wakaja kulamba na kufukua. Kila jioni mchanga ulikuwa mkavu vilevile na mbuzi wamenawiri. Mke wangu alicheka mpaka akashika tumbo. Mama yake hakucheka. Alikuwa akikunja nguo za binti yake na kuzitia begini.

Lakini mbuzi wale walimkera kuliko nilivyomkera mimi. Alihamishia kigoda chake na birika la udhu pale kwenye ufito, apate kivuli na awe karibu kuwafukuza. Akatawadha adhuhuri. Alasiri, akiwa anaosha miguu, tukasikia "tak!" jikoni, friji ikanyamaza. Nikaiwasha swichi, ikajikata tena. Magharibi, ikawa vilevile.

"Inaogopa udhu," akasema, ameridhika.

Ardhi ilikuwa imelowa, na swichi sasa ilikuwa inaiona stima inayovuja. Nilichomoa friji, nikaivuta: panya walikuwa wametafuna waya nyuma. Tukaweka waya mpya. Kesho yake akatawadha tena, friji ikaendelea kunguruma.

"Vua viatu," akaniamuru. "Shika."

Nikavua. Mke wangu akaacha kucheka. Nilitamka bismillahi kwa unyenyekevu ambao msikitini sijawahi kuufikia, nikashika mpini. Baridi tu.

Mama mkwe akanisukuma kwa kiwiko, akaifungua mwenyewe, akatoa chupa ya maji na kunywa nusu nzima. Kisha akaenda chumbani, akaanza kutoa nguo za binti yake begini. Chini ya hizo akatoa na zake mwenyewe, akazitundika msumarini.

"Binti abaki," akasema. "Na mimi nabaki mpaka mtoto azaliwe. Chuma chenu nani atakimwagilia?"