Eneo Tajwa

Nimefundisha Kiswahili shule ya msingi maisha yangu yote ya kazi, na sitaki kuficha: nilikuwa mkali. Mtoto akiandika "nlienda" badala ya "nilienda", kalamu nyekundu inamshukia. Huku kwetu watu huzungumza Kimwera nyumbani, Kimakonde kwa jirani, Kiyao kwa wakwe, na Kiswahili wanakiokota shuleni na gulioni, kwa hiyo kazi ya kuwanyoosha haikuwa ndogo. Hata sasa, mstaafu mwenye magoti mabovu, nikikuta duka pale Nachingwea mjini limeandikwa "Unga Saafi" siwezi kupita hivi hivi. Naingia, nasalimia, namwelewesha mwenye duka. Wengi hunitazama tu. Mke wangu alishanichoka zamani.

Nayasema haya mwanzoni ili ijulikane ni mtu wa namna gani aliyeandika ile barua.

Nyuma ya mikorosho, upande wetu wa Ruangwa, kulikuwa na kilima kidogo cha udongo mwekundu chenye miti iliyosongamana. Wanaume tulipaita Kilimani, basi. Wanawake walipaita Kwa Watoto. Kijijini kwetu mtoto akizaliwa bila kulia hazikwi na wanaume. Hakuna jeneza la kubebwa begani, hakuna tuta, hakuna matanga. Wanawake watu wazima humchukua, humfunga kanga, humpeleka kule, kisha hurudi wamenyamaza. Hawasemi amekufa, wala hawasemi amezikwa. Wanasema amelazwa. Sisi Waislamu na wenzetu wa upande wa misheni, wote tulilaza pale pale, na sijasikia shehe wala padri akiulizwa. Mwanamume hafiki na wala haulizi. Mtoto wetu wa kwanza, mimi na mke wangu, alilazwa pale. Siku hiyo nilikaa juu ya gogo mpaka waliporudi, nikapewa chai, nikanywa. Kesho yake nikaenda kufundisha.

Barabara tuliitaka wenyewe, hilo nalisema kwa sauti. Masika yakifika kipande chetu kilikuwa kinameza magari mpaka mlangoni, na wanawake wenye uchungu wamebebwa kwenye vitanda vya kamba, wamesukumwa kwa baiskeli, wamejifungulia matopeni. Pengine baadhi ya waliolazwa kule Kilimani wangelia kama gari lingeweza kupita. Kwa hiyo tuliposikia mkandarasi amepatikana, kijiji kizima kilishangilia, na mimi nilishangilia zaidi kwa sababu nilikuwa kwenye kamati.

Walikuja watu wa vipimo wakitafuta kifusi cha kushindilia. Wakazunguka siku mbili, wakachimba vishimo huku na huku, na udongo walioupenda ukawa ule wa Kilimani. Wakatuita sisi wanakamati, wanaume tu, tukasimama chini ya kilima. Kijana mwenye kofia ya njano akauliza kwa heshima, "Wazee wangu, hapa pana makaburi?"

Tukatazamana. Mimi ndiye niliyejibu. Nikasema, "Hapana."

Sikudanganya, na hilo ndilo linaloniuma. Kaburi, kwa akili yetu wanaume, ni kitu chenye tuta, kilichochimbwa na wanaume, kilichosomewa dua. Pale hapakuwa na kitu kama hicho. Wenzangu wakaitikia, "Hamna, hamna." Yule kijana akaandika kwamba kamati imethibitisha, nikatia saini yangu, ile nzuri ya kialimu.

Mchana, nikiwa mezani, nikamweleza mke wangu kama habari njema: kifusi kimepatikana hapa hapa, barabara itakwenda haraka. Akaacha kupakua.

"Kifusi cha wapi?"

"Cha Kilimani."

"Mwalimu," akasema. Ananiita hivyo hata ndani ya nyumba. "Pale wamelala watoto."

Nikamjibu kwamba wameuliza makaburi. Akaenda kukaa nje, na ugali ukapoa.

Siku ya tatu wanawake walikuja nyumbani kwangu, wengi wao watu wazima, wameshika kanga zao vifuani. Walikuwa wamesikia kwamba mbunge wa viti maalumu, mwanamke mwenzao, atakuwa na mkutano Likunja wiki inayofuata. Walitaka barua ya kumpa, na mwandishi wa barua kijijini ni mimi. Mke wangu ndiye aliyesema kwa niaba yao, nusu Kimwera nusu Kiswahili, taratibu, ili niwahi kuandika. Maneno yake nayakumbuka yote.

"Andika hivi. Tunaomba msichimbe pale. Pale wamelala watoto wetu. Hawakulia, lakini tuliwabeba tumboni. Kila mmoja wetu anamjua wa kwake yuko wapi. Barabara tunaitaka. Chukueni udongo mwingine."

Basi. Hayo tu. Nami nikaingia ndani na kalamu yangu, nikaona haya. Jamani, nikaona haya! Barua inakwenda kwa Mheshimiwa, itasomwa Dodoma, halafu mtu aandike "wamelala" na "tumboni"? Nikavuta karatasi safi, nikaandika kama mtu aliyesoma: "Sisi wanawake wa kijiji tajwa hapo juu tunaiomba Serikali ilihifadhi eneo letu la kimila, lenye umuhimu wa kipekee kiutamaduni na kimazingira." Nikaongeza aya mbili za namna hiyo. Nilijisikia vizuri, nakiri. Sentensi zilisimama.

Nikatoka nikawasomea kwa kasi. Wakaitikia kwa vichwa kwa sababu ilisikika kiserikali. Mke wangu peke yake ndiye aliyeuliza.

"Watoto umewaweka?"

"Wamo," nikasema.

"Wamo wapi?"

"Wamo humo humo, kwenye 'kimila'. Lugha ya ofisini ndivyo ilivyo."

Akaniamini. Wakaweka dole gumba mmoja mmoja, wino ukawachafua, wakaondoka na barua yao.

Mbunge alikuwa mtu wa maneno yake. Aliipokea mkononi, akaahidi kuiulizia, na baada ya muda akatuma ujumbe kwamba swali limepangiwa siku. Ilikuwa msimu wa kuvuna ufuta, mashamba yanadai watu, lakini asubuhi ile wanawake waliacha kazi wakaja kukaa kwenye mkeka nje kwangu. Nikaweka redio juu ya kigoda na kuipandisha sauti. Wengine walikuwa na vumbi la ufuta kwenye nywele. Mke wangu alikaa karibu kabisa na redio, mikono mapajani.

Mbunge akasimama. Sauti yake ilikuwa kavu na nzuri. Akauliza, "Serikali ina mpango gani wa kulihifadhi eneo la kimila lenye umuhimu wa kipekee kiutamaduni na kimazingira katika Wilaya ya Ruangwa, ambalo limelengwa kuchimbwa kifusi?"

Maneno yangu, neno kwa neno. Aibu yangu ni kwamba moyo uliruka kwa furaha. Nikamgusa mke wangu bega. Yeye alikuwa bado anasubiri.

Naibu Waziri wa mambo ya utamaduni akajibu. Mheshimiwa Spika, naomba kujibu swali kama ifuatavyo. Serikali inatambua na kuthamini mila na desturi za Watanzania. Hata hivyo, eneo tajwa halimo katika orodha ya maeneo ya urithi. Wananchi wanashauriwa kuwasiliana na ofisi ya utamaduni ya wilaya ili wapatiwe eneo mbadala ambapo ngoma na matambiko yao yanaweza kuendelea bila kuathiri mradi.

"Ngoma?" akasema bibi mmoja. "Ngoma gani tena?"

"Nani kamwambia tunacheza?" akasema mwingine.

Mbunge akashukuru kwa majibu mazuri ya Serikali, maana ndivyo wanavyoanza hata wakijibiwa upuuzi, akauliza swali la nyongeza kuhusu mazingira. Akasimama naibu mwingine. Huyu alikuwa na karatasi iliyojaa. Wataalamu wamefika eneo tajwa na kufanya tathmini. Hakuna chanzo cha maji kitakachoathirika. Baada ya uchimbaji shimo litafukiwa na kupandwa miti. Aidha, kamati ya kijiji ilithibitisha kwa maandishi kwamba hakuna makaburi. Kama yangekuwepo, Mheshimiwa Spika, sheria iko wazi: yangeheshimiwa na utaratibu wake ungefuatwa.

Spika akasema tuendelee. Likaitwa swali la mtu mwingine, la visima.

Nilizima redio. Hakuna aliyenyanyuka. Mke wangu akageuka, na sijawahi kuona uso wake vile, hata siku ile ya gogo.

"Mbona hawajasema watoto?"

Nikaanza kukunja antena ya redio.

"Mwalimu. Ulisema wamo."

Nikajaribu kueleza. Nikaanza na lugha ya kiofisi, nikaingia kwenye taratibu za Bunge, nikajisikia mwenyewe ninavyobwabwaja. Mwishoni nikasema ukweli mbele yao wote: sikuwaandika. Niliona haya kuwaandika. Bibi mmoja akatema mate pembeni, akachukua kanga yake akaondoka. Wengine wakamfuata. Kunitukana hawakunitukana, na afadhali wangenitukana. Nilijichukia siku ile, na mpaka leo sijamaliza.

Niliandika barua nyingine jioni hiyo hiyo, safari hii kama alivyosema yeye, na "wamelala" ndani yake na "tumboni" ndani yake. Kesho yake nikapanda bodaboda hadi Ruangwa mjini, nikaomba namba ya simu ya mbunge, nikampigia nikiwa nimesimama chini ya bati la stendi. Nikamsomea.

"Mwalimu wangu," akasema, "kwa nini hukuniandikia hivi mwanzo? Ningesimama na maneno hayo hayo."

Nikamwomba aulize tena. Akasema limeshajibiwa, limeingia kwenye kumbukumbu, na karatasi ya kamati yenye saini wanayo wao. Alisema atamfuata Waziri mwenyewe, atamwomba kama mama. Naamini alimfuata. Lakini tingatinga lilikuwa limeshafika kijijini wakati narudi, limeegeshwa kando ya shamba la jirani yangu, na kina mama wauza vitumbua wameshaweka meza zao karibu na mafundi.

Asubuhi iliyofuata mke wangu alivaa, akaniambia, "Twende." Nikauliza wapi. Akasema, "Twende ukawaone." Nikamwambia mwanamume hafiki kule. Akacheka kidogo, kicheko kibaya, akasema kule kunakwenda kufika mashine.

Tukapanda. Ndani ya miti kulikuwa safi, kumbe walikuwa wanafagia. Miaka yote ile walikuwa wanakwenda kufagia na mimi sikujua. Alitembea bila kusita, akapita huku, akazunguka mti, akasimama.

"Huyu wa kwanza."

Nikainama, kwa magoti yangu haya, nikashika ardhi. Sikujua dua gani inafaa, nikasoma Fatiha. Nilipomaliza nikataka kuondoka. Yeye alikuwa amesogea hatua chache mbele na kusimama tena.

"Na huyu."

"Huyu wa nani?"

"Wako," akasema. "Ulikuwa kwenye mafunzo Nachingwea. Uliporudi ukaambiwa mimba imeharibika. Ulisema pole, ukauliza kama kuna chakula. Alikuwa msichana, Mwalimu. Alikuwa na kucha."

Nililia pale kama mtoto mdogo. Yeye hakulia, nadhani alikuwa ameshalia zake kwa wakati wake. Alingoja nimalize, akanishika mkono kunisaidia kuinuka, tukashuka.

Walichimba siku nne. Wanawake walisimama mbali siku ya kwanza, wakiangalia kila kijiko cha mashine kinapoinuka, kama kitatokea kitu, kipande cha kanga, chochote. Hakikutokea kitu. Udongo ulikuwa mwekundu juu na mwekundu chini, na yule kijana wa kofia ya njano akaniambia kwa upole, "Umeona mzee, hamna kitu." Malori yakabeba, yakamwaga, mashine ya kushindilia ikapita juu. Shimo halijafukiwa. Masika yaliyopita lilijaa maji, na miti ya kupandwa hatujaiona.

Barabara ni nzuri, siwezi kusema uongo. Gari la wagonjwa linafika mpaka zahanati. Watoto wanazaliwa mjini na wanalia. Lakini kuanzia kwenye mwembe hadi darajani, pale kilipomwagwa kile kifusi, wanawake wa kijiji chetu hawakanyagi barabara. Wanashuka pembeni, wanapita kwenye majani na umande na miiba, wenye ndoo kichwani na wenye watoto mgongoni, halafu wanapanda tena mbele. Wageni hucheka, huwaita washamba.

Ijumaa iliyopita nilikuwa natoka msikitini, nikakutana na mke wangu akipita pembeni huko, nikashuka kumfuata. Gari likaja kwa kasi kutokea Nachingwea, likatupita, vumbi jekundu likatufunika wote wawili. Mimi nikapiga chafya, nikamtukana dereva, nikakung'uta kanzu yangu kwa nguvu mbele na nyuma. Nilipoinua macho, mke wangu alikuwa amesimama vile vile, vumbi usoni, vumbi kwenye kope, akinitazama ninavyojikung'uta. Yeye hakujifuta.