Kupatana kwa Kichina

Tangu arudi kutoka China alikosomea sheria, Falone alikuwa na hamu moja tu: watu wa Bunia wanaoagiza bidhaa huko wajue sheria ya huko inasemaje, na waisome kwa Kiswahili, siyo kwa Kifaransa cha kuumiza kichwa. Akaandika kijitabu. Neno lililomtoa jasho ni tiaojie. Kwa mila ya zamani ya huko, hakimu hupenda kuwakalisha wagombanaji wapatane kabla hajakata kesi. Falone akaliita kupatana, lakini alijua mtego wake. Bunia, wazee wakikupatanisha leo na moyo ukakataa, kesho unarudi, kikao kinaanza upya, wala hakuna wa kukucheka. Mahakama ya China haina mchezo huo. Ukishatia saini mapatano, maji yamemwagika, hayazoleki. Hata rufaa huna. Kwa hiyo akaongeza onyo kwa herufi nene: usisaini kama moyo haujakubali.

Kupanga kurasa na kuchapisha alimwachia Lionel, rafiki waliyesoma naye kule, wakila chungu kimoja miaka yote ya ugeni. Angemwachia nani mwingine? Kijitabu kilipotoka, Falone alitazama jalada na jina lake, akafurahi kama mzazi mjinga. Ndani hakusoma tena.

Aliyekisoma chote ni mama yake mdogo, Agathe, wa mtaa wa Mudzipela. Mashine yake ya kusaga, aliyoiagiza China, ilikuwa imekufa injini ikiwa bado mpya, na mwuzaji hakutaka kuibadilisha. Agathe alishtaki huko huko, Lionel akimtafsiria kwa simu. Hakimu akawaita kwenye tiaojie. Mwuzaji akakubali kutuma mikanda mipya ya mashine, basi, injini hapana. Agathe hakuridhika, lakini alisaini, akijua kikao kingine kitakuja.

Hakikuja. Ilikuja mikanda. Agathe akaenda kwa Falone, amekunja uso.

"Mutoto wangu, nirudishe kwa juji. Ile kupatana, miye nimeikataa."

"Mama mudogo, haiwezekani tena. Si niliandika?"

"Uliandika wapi?"

Wakafungua kijitabu. Onyo halikuwapo. Falone alipekua mbele na nyuma, kisha akatoka bila kuaga.

Lionel wala hakujificha. Mlangoni pake palikuwa na tangazo la mwuzaji yule yule wa mashine, na Lionel ndiye wakala wake Bunia, tena tangu kabla kijitabu hakijachapishwa.

"Lile onyo lilikuwa linaogopesha wateja," alisema. "Weye ulitaka kitabu rahisi. Nimekirahisisha."

Kikulacho ki nguoni mwako. Falone alitaka kumtukana, akalia, na kulia mbele ya mtu yule kulimuudhi kuliko yote.

Alirudi akamweleza Agathe kila kitu: nani alifuta onyo, na kwa faida ya nani. Alitegemea wamlaani Lionel pamoja. Agathe alimsikiliza mpaka mwisho, akafunga kitenge chake vizuri, akasimama.

"Lionel ni mutu wa inje," alisema. "Yeye angeniambia nisaini, ningekataa. Miye nilisaini sababu kitabu iko na jina yako."