Mafuta Yangu ya Nywele Yasiyo na Kemikali

Hii aibu nilitaka kufa nayo, lakini kwa vile binamu zangu wameanza kuisimulia huku wakiitia chumvi, afadhali muisikie kwangu mwenyewe.

Mimi ni mtu wa kushuku. Pale mtaani kwetu Tuwan nikinunua maziwa nayanusa mbele ya mwenye duka, akinuna shauri yake. Kwa hiyo mtu alipotuma kwenye kundi letu la WhatsApp kwamba shampuu na mafuta ya nywele yana parabeni, ile dawa ya kiwandani inayozuia yasiharibike, na kwamba inapenya kichwani polepole (nani kasema? hakuna, ilikuwa imefowadiwa tu), nilitupa chupa zangu zote siku hiyo hiyo. Zilikuwa zimebaki wiki tatu mchumba wangu Wafula na watu wake watoke Bungoma kuja kuniposa, nami nikajitengenezea mafuta yangu kwa avokado, malai, yai na asali kidogo, nikayatia kwenye mkebe na kuuweka dirishani.

Mama Joy, anayenisuka, aliufungua akaufunika haraka.

"Nanjala, hii itaoza bana. Hiyo dawa unaogopa wanawekanga kidogo tu, ndio mafuta isishike ukungu."

Nikamtazama kwa jicho la pembeni. Mbona anaitetea sana? Si anauza shampuu hizo hizo pale saluni? Nikajua ameshanunuliwa. Na mkebe ulipoanza kunuka nikajiambia vitu vya asili ndivyo vinavyonuka, na asubuhi ya posa nikajipaka yote, mpaka yale yaliyogandia chini.

Sasa, kwetu kuna mchezo: wasichana watano wanafunikwa leso kutoka kichwani hadi miguuni, wanakaa kwenye mstari, na bwana harusi anamtafuta wake bila kufunua wala kusikia sauti. Baba mkubwa akaongeza sharti lake, kwamba Wafula akikosea mara mbili, wageni wale chakula warudi Bungoma, waje tena mwakani. Watu wakacheka, lakini sisi wa nyumba hiyo tunajua baba mkubwa hatanii.

Jua la saa saba, turubai juu, leso mbili kichwani, mafuta yakaanza kunitiririka shingoni. Nzi wa kwanza akaja, akaenda kuita ukoo wake. Nafula, binamu yangu aliyefunikwa kando yangu, akasogeza kiti.

"Ni nini imekufa hapa?" akanong'ona.

Wafula akapita mstarini na senge yake, yaani shangazi upande wa baba. Alipofika kwangu akainama, akarudi nyuma hatua mbili.

"Huyu hapana," akasema bila kufikiri. "Nanjala ni msafi."

Akamchagua Nafula! Vicheko, kelele za kumzomea, nami chini ya leso nalia kimyakimya, maana imebaki nafasi moja na mwanamume ninayempenda amenikataa kwa pua yake.

Ndipo senge akamshika mkono.

"Ngoja, kijana. Huyu wa nzi, ni halufu gani amevumilia hapa tangu saa ile? Hawa wengine wangetoloka kitambo. Msichana anakaa chini ya nzi hivi kwa sababu gani, kama si bwana?"

Wafula akanigusa bega. Leso zikatolewa, na umati mzima ukaona vipande vya kijani vimeota manyoya meupe kichwani mwangu. Mama akafunika uso. Baba mkubwa akasema, "Ni yeye," kisha akahama kiti.

Senge alinipeleka nyuma ya jikoni, akatoa shampuu kwenye mkoba wake, akaniosha mara tatu bila kuniuliza kitu. Nikaichungulia ile chupa, nikaiona parabeni imeandikwa wazi. Nikafunga macho, nikamwinamishia kichwa.

Vipele havikunikosa. Mwenye duka la dawa aliniambia kitu chenye maji na chakula ndani, bila kitu cha kuzuia viini, ni shamba la ukungu. Wapo ambao dawa hizo huwawasha ngozi, lakini kipimo kinachoruhusiwa si cha kumtisha kila mtu. Nilimsikiliza. (Naye anauza shampuu, nimeona.)

Kushuku sijaacha. Bado nasoma karatasi ya kila chupa dukani, neno kwa neno, mpaka wahudumu wanachoka. Ila siku hizi dawa ya kuzuia kuoza nisipoiona pale, chupa hiyo naiacha kwenye rafu.